Kongamano letu la mashabiki Tanga linataka tovuti: tuchague programu gani, na nani atashika funguo mwakani?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa kongamano la mashabiki wa anime, komiki na michezo ya kompyuta hapa Tanga mjini. Tuko kumi na mmoja, wote tunajitolea, hakuna anayelipwa hata nauli ya bodaboda. Mwakani tunataka tovuti iliyosimama vizuri. Kwenye grupu letu la WhatsApp ubishi umefika mahali kila mtu anatetea programu anayoijua yeye, kwa hiyo nalileta jambo hapa penye watu wengi.

Nianze na yaliyotukuta, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tovuti ya kwanza alitujengea mwenzetu, kijana mwenye kipaji kweli. Aliifanya usiku baada ya kazi zake, bila kudai senti. Kisha akapata ajira mkoa mwingine, akabadilisha laini, maisha yakamchukua. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe yake binafsi ambayo hakuwa anaifungua tena. Taarifa za kulipia mwaka wa pili zikaenda huko zikalala. Siku kumi kabla ya kongamano anwani ikafa. Mabango yalikuwa yameshabandikwa kuanzia barabara za namba kule Ngamiani hadi Raskazoni, yote yana anwani ile. Simlaumu hata kidogo. Ni sisi kamati tuliomwachia mtu mmoja mlango, kufuli na funguo.

Tukakimbilia kurusha ratiba kwenye grupu. Faili la PDF, MB 14, kwa sababu mchoraji wetu aliipamba kwa picha. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa kwenye meza ya mapokezi, akaja binti wa kidato cha nne kutoka Muheza. Alikuwa amejishonea vazi la mhusika wake kwa kitambaa cha mapazia, mishono ya mkono, kola ameitia wanga imesimama. Simu yake ina ufa kutoka pembe moja hadi katikati ya kioo. Alisimama chini ya mwembe akiitazama duara inazunguka, inazunguka, mpaka bando likaisha. Akanijia: "Dada, mashindano ya mavazi ni saa ngapi?" Nikamjibu saa nane, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili langu. Kumbe jana yake usiku yalisogezwa saa saba na faili jipya likarushwa, mimi sikuliona kwa wingi wa meseji. Alipofika ukumbini walikuwa wanagawa zawadi.

Sijaisahau sura yake. Tangu siku hiyo kila programu inayopendekezwa naiuliza mambo mawili: je, ratiba ikibadilika, mtu yeyote wa kamati anaweza kuirekebisha kwa simu papo hapo? Na je, anayeisimamia leo akiondoka, mwingine ataipokea bila kumtafuta?

Sisi wa Tanga tunajua msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo. Watu wa kujitolea ndivyo walivyo. Kijana anamaliza kidato cha sita anakwenda chuo, mwingine anaolewa Korogwe, mwingine anapata kazi bandarini na zamu za usiku. Hata makongamano makubwa yana hali hiyo. Worldcon, kongamano la hadithi za kubuni za sayansi lililoanza New York mwaka 1939, kila mwaka linaandaliwa na kamati nyingine kabisa, mara nyingi ya mji mwingine, na ni watu wa kujitolea. Kwao kukabidhiana ni kazi ya kila mwaka. Sisi tulikuwa tunaifanya kama ajali.

Sasa programu zilizotajwa kwenye grupu letu. Zote tatu ni programu huria, unazipakua bure na kuziweka kwenye seva unayokodi, yaani kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote.

WordPress ilianza 2003, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinatumia hiyo. Kwangu uzito wa hoja hii ni mmoja: ukisimama Chumbageni ukauliza nani amewahi kuigusa, utampata mtu kabla ya kufika mwisho wa mtaa. Pia ina ngazi za watumiaji, ukimpa mtu ngazi ya mhariri anaandika na kurekebisha kurasa lakini hawezi kung'oa kitu cha ndani. Ubaya wake ni programu-jalizi, vile vipande vya ziada unavyochomeka ndani yake. Kila tatizo lina jalizi lake, unaongeza moja, unaongeza la pili, mwisho una ishirini na hujui lipi linafanya nini. Na mashimo mengi ya wadukuzi yanatokea kwenye hizo jalizi kuliko kwenye WordPress yenyewe.

Joomla ya 2005 ilizaliwa baada ya watengenezaji wa programu iitwayo Mambo kujitenga na kuanza upya, na jina lake limetoka kwenye neno letu wenyewe, jumla. Nilipolijua hilo nilifurahi, lakini jina halitoshi kuwa sababu. Inabeba lugha zaidi ya moja bila kuongeza jalizi, jambo zuri kwetu tunaopata wageni kutoka Mombasa na wengine wasiojua Kiswahili. Tatizo langu nayo ni watu: hapa mjini nimempata mmoja tu anayeijua.

Drupal ni ya 2001, ilianzishwa na Dries Buytaert, Mbelgiji aliyekuwa bado mwanafunzi. Wote wanaoijua wanaisifu, na wote wanaoijua wako Dar.

Naombeni uzoefu wenu. Aliyewahi kuendesha tovuti ya shughuli ya kujitolea, iwe harusi ya mtaa, iwe timu ya mpira, aseme.

Mdau wa Makorora

Dada, pole kwa yaliyowakuta. Ila mimi naona mnajitafutia mzigo. Watu wenu wote wako Instagram na WhatsApp. Fungueni ukurasa, wekeni ratiba kama picha, basi. Tovuti ya nini?

Mleta uzi

Asante kaka. Kuwaita watu tutaendelea kutumia huko huko, hilo halina ubishi. Lakini kumwita mtu na kumpa taarifa sahihi si jambo moja. Picha ikisharushwa imesharushwa. Ukirekebisha na kurusha nyingine, sasa ziko mbili, na ile ya zamani ndiyo imeshasambazwa kwenye magrupu hamsini. Yule binti wa Muheza aliangushwa na hilo hilo. Tunataka mahali pamoja ambapo tukibadilisha saa, imebadilika kwa kila anayefungua.

Na ukurasa wa Instagram nao una funguo. Wetu umefungwa kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Ni tatizo lile lile, limebadili nguo tu.

Mdau wa Dar, mzaliwa wa Chumbageni

Nimesoma mpaka mwisho, nawapongeza. Mimi kazi yangu ni Drupal, basi acha niitetee.

Kongamano si kurasa tu. Kuna mzungumzaji, kuna kipindi, kuna chumba, kuna saa. Mzungumzaji mmoja ana vipindi vitatu, kila kipindi kina chumba chake. Kwenye Drupal unaviumba hivyo vinne kama vitu vinavyojuana. Ukibadilisha saa ya kipindi sehemu moja, inabadilika kwenye ratiba ya siku, kwenye ukurasa wa mzungumzaji na kwenye orodha ya chumba. Kwenye WordPress mtaandika jedwali kwa mkono, na mtu atarekebisha mahali pamoja asahau pengine. Saa saba na saa nane zitakutana tena.

Nipo tayari kuwajengea bure. Ni mji wangu.

Mleta uzi

Kaka, ombi lako limenigusa, na hoja yako ya vitu vinavyojuana ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizosikia. Sitaipita juu juu.

Lakini niruhusu nikuulize kuhusu Drupal 7. Ilitoka 2011. Toleo la 8 lilipotoka 2015 halikuwa sasisho la kubonyeza, ilibidi kuijenga tovuti upya na kuhamisha yaliyomo. Wengi hawakuweza, na Drupal 7 ikaendelea kuhudumiwa mpaka Januari 2025 ndipo ikafungwa. Najua kuanzia la 8 kwenda 9, 10 na 11 mambo yamekuwa mepesi. Hata hivyo kusasisha kwake kunataka mtu wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Wewe unaweza. Ukipata mtoto, ukipata safari, ukichoka, nani hapa Tanga ataandika amri hizo?

Siulizi kwa kukukataa. Kijana wetu wa kwanza naye alitujengea bure, na alipenda mji huu kama wewe.

Mdau wa Dar, mzaliwa wa Chumbageni

Umenifikirisha. Sina jibu la haraka. Ukweli ni kwamba Tanga sina mtu wa kumwachia.

Basi nishauri hivi: ratiba ikiwa na vipindi chini ya arobaini, jedwali moja linatosha, mradi liwe moja tu. Kurasa za wazungumzaji zisitaje saa kabisa, ziseme "angalia ratiba" na kiungo. Mkivuka hapo, tumieni programu ya ratiba peke yake. Ipo pretalx, ni huria, inapokea maombi ya wazungumzaji, mnayapitia, mnapanga vyumba, inatoa ratiba. Wamarekani wa makongamano ya hadithi za sayansi wana nyingine ya kazi hiyo inayoitwa Zambia, jina la jirani zetu kabisa. Msilazimishe tovuti ifanye kila kitu.

Mleta uzi

Hilo la kutotaja saa kwenye kurasa nyingine limeandikwa kwenye daftari la kamati dakika hii. Mwaka jana tulikuwa na vipindi kumi na tisa.

Mdau wa Pangani

Nyote mnazunguka. Msiweke programu yoyote kwenye seva. Tumieni kitu kama Hugo, kipo tangu 2013. Mnaandika maandishi ya kawaida kwenye mafaili, Hugo inayageuza kurasa kamili, mnazipandisha. Hakuna hifadhidata, yaani ghala la maandishi ya tovuti, hakuna ukurasa wa kuingilia adimini, yaani msimamizi, mdukuzi hana pa kushika. Mnaziweka GitHub Pages, huduma ya mtandaoni ya kuweka kurasa, bila malipo. Ukurasa wa ratiba hautazidi KB 40. Linganisha na MB 14 zenu. Yule binti angeufungua hata kwa bando la mwisho.

Na sisi mashabiki, jina Hugo linatuhusu, maana tuzo zinazotolewa Worldcon zinaitwa hivyo hivyo, ingawa programu na tuzo hazina undugu.

Mleta uzi

Mkuu wa Pangani, KB 40 hizo nazitamani. Nimekaa nayo jioni mbili kabla ya kujibu.

Nilifanya jaribio. Msimamizi wetu wa ratiba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, mtu makini kuliko sisi wote, na kompyuta hana. Nilikwenda kwake Mikanjuni nikampa simu, nikamwambia abadilishe saa ya kipindi kimoja. Kwenye WordPress aliingia, akagusa jedwali, akabadilisha, akabonyeza, dakika mbili. Kwenye GitHub alilifungua faili la maandishi, likajaa alama za mistari na nyota, akaanza kuogopa kugusa. Akaniambia, "Mwanangu, hapa nikifuta alama moja nitaharibu yote." Alikuwa sahihi, nilijaribu kufuta moja, jedwali likavurugika.

Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta, njia yako ndiyo bora, sibishi. Kwetu anayebadilisha ratiba ni yeye, na siku ya shughuli anabadilisha akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi.

Mdau wa Pangani

Nimekuelewa, na huyo mwalimu mheshimuni. Basi chukueni nusu ya ushauri wangu. Ukurasa wa ratiba uwe maandishi matupu, bila picha hata moja, bila ile slaidi inayosogea juu. Themu, yaani sura ya tovuti, iwe nyepesi. Mfungue wenyewe kwa simu ya bei rahisi kabla ya kutangaza, si kwa laptopu yenye Wi-Fi. Na siku yenyewe muichapishe ratiba, mbandike mlangoni kwa saa iliyochapishwa, "imechapishwa saa mbili asubuhi", mtu ajue karatasi ni ya lini.

Mdau wa Mabawa

Mimi nauliza kuhusu hela. Tiketi mtauzaje? Nimeona watu wanafunga duka zima ndani ya tovuti ili wauze tiketi mia mbili.

Mleta uzi

Hapo ndipo nilipopoteza usingizi zaidi. Tumeangalia pretix, ya Wajerumani, nayo huria. Programu yake ya kukagulia tiketi mlangoni inafanya kazi hata mtandao ukikatika, kitu kizuri sana. Lakini njia za malipo inazokuja nazo ni za kwao zaidi, huku kwetu mtu analipa kwa simu. Ina njia ya mhazini kuthibitisha malipo mwenyewe kwa mkono, ila tiketi zetu hazizidi mia tatu, na kwa idadi hiyo tunaona ni trekta la kulimia bustani.

Mwakani itakuwa hivi: fomu fupi, Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi na si la mhazini, mtu analipa, anaandika namba ya muamala kwenye fomu, mhazini analinganisha kila jioni na kumtumia msimbo. Orodha inachapishwa usiku wa kuamkia kongamano, imepangwa kwa alfabeti ya jina la kwanza. Mwaka jana tulipanga kwa mpangilio wa kulipa, na foleni ikafika barabarani kwa sababu kila jina lilitafutwa kuanzia juu.

Mdau wa Bombo

Ongezeeni na la taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Mkikusanya majina na namba za simu mnahusika, na wengi wenu ni watoto wa shule. Msiulize msichokihitaji. Nimeona fomu ya shughuli ya siku moja inauliza tarehe ya kuzaliwa, dini na namba ya kitambulisho. Kwa walio chini ya miaka 18 chukueni ridhaa ya mzazi. Na shughuli ikiisha, futeni.

Mleta uzi

Asante sana, hili sikuwa nalo. Fomu yetu ilikuwa na maswali tisa. Nimekaa nayo sasa hivi, yamebaki manne: jina, simu, miaka 18 au chini, namba ya muamala. Kwa walio chini ya 18 inaongezeka namba ya mzazi. Suala la Tume nalipeleka kikao cha Jumamosi.

Mdau wa Nguvumali

Swali langu fupi: nakala rudufu mnaweka wapi? Na mmewahi kuirudisha? Maana wengi wana nakala ambayo hawajawahi kuijaribu.

Mleta uzi

Mkuu, hatujawahi. Nipe wiki mbili.

Mleta uzi (baada ya wiki mbili)

Wakuu, nimerudi.

Kikao kimepitisha WordPress. Jalizi tano tu: ya nakala rudufu, ya kuzuia wanaobahatisha nywila, ya fomu, ya lugha ya pili, na ya kuharakisha kurasa. Anayetaka la sita alete hoja kikaoni na aseme lipi litoke. Ratiba ni ukurasa mmoja, jedwali moja, bila picha. Nimeufungua kwa simu ya mdogo wangu nikiwa kituo cha daladala, ukaja kabla sijahesabu tatu.

Jina la tovuti tumelisajili chini ya .or.tz kwa jina la kikundi, na barua pepe ni ya kikundi, inafunguliwa na watu watatu. Cheti cha usalama ni cha Let's Encrypt, cha bure, kinajihuisha chenyewe, lakini tumeweka tarehe ya kukikagua kwenye kalenda. Adimini ni watatu: mimi, mhazini, na kaka yetu wa Dar, ambaye amekubali kuwa wa kushauri tu bila kujenga kitu ambacho hatuwezi kukibeba. Mwalimu wetu ni mhariri.

Sasa jaribio la Nguvumali. Tulinunua daftari gumu, lile la mistari la kuhesabia dukani. Tukaandika kila hatua kwa Kiswahili: seva imekodiwa wapi, inalipiwa lini, nakala iko wapi, unairudishaje. Nywila hazimo humo, ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa mhazini. Kisha tukampa kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, ambaye hakuwahi kuiona tovuti kwa ndani. Tukamwambia: fikiria sisi wote tumeondoka, isimamishe upya mahali pengine. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Tulikaa sebuleni kwa mhazini. Alianza saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu akakwama, daftari lilisema "pandisha faili la nakala" bila kusema kuwa ni mafaili mawili, moja la picha na jingine la hifadhidata. Mhazini alitaka kufungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Kijana akagundua mwenyewe baada ya nusu saa. Akakwama tena kwenye anwani, tovuti ilisimama lakini kila kiungo kikawa kinampeleka kwenye ile ya zamani. Hilo lilimchukua muda mrefu, akatoka nje, akanywa maji, akarudi. Saa saba kasorobo ratiba ikafunguka, jedwali lote, vipindi vyote kumi na tisa vya mwaka jana, mashindano ya mavazi saa saba.

Nikataka kulichukua daftari niandike yale mawili yaliyokosekana. Akanizuia. Akaomba kalamu, akayaandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, chini ya wangu.